Chupa ya Maji Meupe

Uhuru ulikuwa bado mupya, na watoto wa Kilibula walikuwa wanaharisha mpaka kufa. Muganga wa dispansere, kijana wa kusema polepole, akatukusanya. "Serikali haina kitu. Minye nataka kujua ni maji gani iko inaua watoto. Kila pahali munachota, munitolee chupa moja ya maji ile ile. Nitapeleka Bukavu waangalie."

Chupa wakati ule haikuwa mchezo, ndimo tuliweka mawese. Lakini watu walitoa. Jirani yangu mjane, hakuwa na chupa, alimuletea muganga ndagala, samaki zile ndogo za kukausha, za kula safarini. Minye nikatoa ya bia, nene. Ile bia niliipata wapi? Ni habari ya arusi ya mdogo wangu, tuiache.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akaijaza mtoni, chini ya pale wanafulia. Nikaiinua kwenye jua: rangi ya chai.

"Weye, utamupa muntu kitu kama hii?"

"Baba, si ndiyo tunakunywa?"

"Kunywa ni kunywa. Kutoa ni kutoa."

Kwetu zawadi inachaguliwa. Hata samaki, ya mugeni ndiyo ile nono. Nikamwaga, nikaingia mtumbwini, nikapiga kasia mpaka katikati ya ziwa, pale kina kinalifanya jeusi, nikajaza maji meupe kabisa.

Bibi akacheka. "Basi tuhamie huko katikati!"

Muganga aliipokea kwa mikono mbili.

Majibu yalipofika, akasimika miti yenye kitambaa chekundu pahali pabaya pote. Kwetu hapana. Watu wakanipongeza, na wakaendelea kuchota. Bibi aliniangalia tu.

Kisha mtoto wa mjane akaharisha siku mbili, akafa. Kwenye matanga mjane akasema, "Maji yetu ni safi, muganga alisema. Basi kuna muntu alimuloga." Macho yote yakaenda kwa mama mukwe wake, mzee amekaa pembeni. Minye nikaangalia miguu yangu.

Kesho yake nikaenda dispansere nimwambie muganga. Mlango wazi, vitanda hakuna. Waasi walikuwa wanashuka kutoka milimani, na yeye amekwisha kuvukia Burundi. Ningeweza kurudi nimwambie mjane. Nilipita mbele ya mlango wake mara mbili.

Yule mzee walimufukuza, akahamia Kiringye peke yake. Minye ndiye nilimubebea mizigo mpaka barabarani. Akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, weye tu ndiye uko na roho nzuri."