Shangazi Alivyomrudisha Inspekta

Shangazi yangu alipiga taipu mahakamani miaka kumi na minne kabla ya kuandika neno lake mwenyewe. Alinakili kila walichosema mashahidi, na huko ndiko masikio yake yalikonolewa. "Mwongo hakosi jibu," alikuwa akituambia. "Mkweli ndiye husema sikumbuki."

Kituo cha televisheni kilipotafuta waandishi wa tamthilia ya upelelezi, akajaribu bahati yake. Wakamchukua. Misimu saba ya mwanzo ya yule Inspekta mpole, anayeuliza taratibu kama mgeni anayeomba maji, ilitoka mikononi mwake. Ikifika saa yake, watu walikatisha hata ugomvi.

Kisha akaja mtayarishaji mpya, mtu wa haraka haraka. Inspekta akapewa bastola mbili, helikopta na pacha aliyepotea utotoni. Shangazi akahamishiwa meza ya kusahihisha tahajia, jirani na mlango wa choo. Alisahihisha miaka kumi bila kununa, huku watazamaji wakipungua mmoja mmoja. Hata mumewe, fundi saa asiyejua kupaka maneno mafuta, alimwambia, "Mke wangu, kipindi chenu kimechacha. Anayekufa simjui, na aliyemuua simjali."

Msimu wa kumi na nane, wakubwa wa kituo wakatoa onyo: watazamaji wasiporudi, basi. Kikao kikaitwa. Mtayarishaji, jasho likimtoka, akapendekeza pacha wa pili. Hakuna aliyecheka, walikuwa wamechoka mno.

Shangazi akanyoosha mkono, kalamu nyekundu ikiwa bado vidoleni. "Inspekta ameacha kuuliza. Mwacheni aulize."

Mtayarishaji akasema, "Una siku sita, mama."

Aliandika kwenye meza ya jikoni, vitunguu vikisogezwa pembeni. Chumba kimoja, viti viwili. Mpangaji anashukiwa kumuua mwenye nyumba wake. Anadai alimwacha bibi huyo mzima jioni ile, wakiwa wamesikiliza pamoja taarifa ya habari redioni. Inspekta anamuuliza habari gani. Jamaa anazitaja zote, moja baada ya nyingine. Inspekta anamshukuru, kisha anaweka tochi mezani: betri za redio ile zilihamishiwa humo tangu siku iliyotangulia.

Mwigizaji wa Inspekta, aliyeianza kazi hiyo nywele zikiwa nyeusi na sasa husoma maneno yake kwenye kadi zilizoinuliwa nyuma ya kamera, akampigia simu. "Dada, ukurasa mzima nimekaa tu! Nifanye nini?"

"Msikilize mwenzako."

Siku ya kurekodi alikataa kadi. Alimsikiliza mshukiwa kwa upole wa kutisha, hadi yule mwigizaji mwenzake akaanza kutetemeka kweli. Mwongozaji alisahau kusema "kata". Shangazi, amesimama kati ya nyaya, alijikuta akisubiri jibu kama vile maneno yale hakuyaandika yeye.

Jumapili tulijazana sebuleni kwake kutazama. Majina ya waigizaji yalipopita mwishoni, fundi saa akavua miwani, akaifuta, akasema, "Sasa huyo namjua." Shangazi akakimbilia jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Wiki hiyo, saluni na foleni ya benki zilikuwa na mada moja tu: betri. Kituo kikaongeza misimu miwili, na mtayarishaji mwenyewe akabeba meza ya Shangazi hadi chumba cha waandishi, akihema, akimwomba radhi njia nzima.

Mwezi uliofuata nilikuwa nikitoka nao studio, Shangazi na yule mwigizaji. Mwanamke mmoja akavuka barabara akipiga kelele, "Inspekta! Umerudi, baba!"

Mwigizaji akamshika Shangazi bega, akamsogeza mbele. "Aliyenirudisha ni huyu. Mpe mkono."

Yule mwanamke akampa yote miwili. Shangazi akajaribu kukanusha, akakosa neno, yeye mwandishi mzima. Mwisho akasema tu, "Ni kweli. Ni mimi."