Suruali Iliyolowa Melini

Marehemu mume wangu hakujikojolea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa saluni, sokoni, hata kwenye foleni ya kliniki, na mimi niliyefundisha historia miaka thelathini na moja sivumilii kusikia jambo likisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Suruali yake ililowa, kweli. Ililowa chapachapa. Lakini maji yale yalitoka kwenye jagi, na jagi alilishika mwenyewe kwa mkono wake wa kulia, akijua fika anachofanya.

Alikuwa mhudumu wa ukumbi wa chakula kwenye meli kubwa ya abiria, yenye ghorofa saba, kinyozi wake, duka lake la manukato, na bwawa la kuogelea ambalo siku za mawimbi makubwa lilihama lenyewe likaingia vyumbani mwa watu. Wenzake walimwita Sahani Saba, kwa kuwa alipanga sahani saba zenye chakula kwenye mkono mmoja na kushuka nazo ngazi huku akipiga mluzi.

Wasioijua kazi hiyo hudhani kwamba bahari ikichafuka wahudumu hukimbilia maboya. Wahudumu hukimbilia majagi. Kitambaa cha meza kikiwa kikavu, sahani huteleza hadi mapajani mwa mtu. Kikiwa na unyevu, sahani hung'ang'ania pale pale. Kwa hiyo kengele ikilia mara mbili, kila mhudumu alichukua jagi la maji akapita meza kwa meza, akinyunyiza kidogo kidogo kama mtu anayepiga pasi. Kisha aliinua vibao vya ukingoni mwa meza, akafunga viti kwa minyororo mifupi iliyo sakafuni, na supu ikamiminwa nusu bakuli.

Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kupokea kikombe kilichojaa kutoka mkononi mwake. Upepo ukivuma kwa nguvu tu, mwenzangu ameshainuka kulowesha kitambaa cha meza yetu, katika nyumba ya mawe isiyokwenda popote. Mama yangu mzazi alipotutembelea mara ya kwanza, alikitazama kikombe chake cha chai, akaniita jikoni.

"Mwanangu, mna shida?"

"Hatuna, mama."

"Basi mumeo ni bahili."

"Si bahili, mama. Ndivyo wanavyomimina melini, chai isimwagike."

"Hii nyumba inayumba?"

"Haiyumbi."

"Basi mwambie ajaze."

Hakujaza. Mama alikunywa nusu vikombe wiki mbili, akaondoka akituombea riziki.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa safari ya chama cha wafanyabiashara, na nusu ya mtaa wetu ilikuwa ndani ya meli ile, wamevaa suti mpya. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, bahari iligeuka. Meli ililala upande mmoja, ikafikiri kidogo, ikalala upande wa pili. Kengele ililia mara mbili. Abiria wengi walikuwa vitandani wakimwomba Mungu awachukue upesi, lakini wachache walishuka kula, wengine kwa njaa, wengine kwa majivuno. Sahani Saba alichukua jagi lake akaanza kunyunyiza.

Alikuwa amefika meza ya nne wimbi lilipopiga madirisha. Giza liliingia ukumbini kama pazia limeshushwa, maji ya kijani yakaonekana nje ya vioo, kabati la vyombo likaanguka lote. Mwanga uliporudi, mkuu wa wahudumu alikuwa akipiga makofi katikati ya ukumbi.

"Waheshimiwa, tusimame taratibu! Tunahamia upande wa ndani. Simameni wote, tafadhali!"

Wote walisimama, isipokuwa bwana mmoja wa meza ya nne. Alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye duka na wafanyakazi. Alikivuta kitambaa cha meza hadi mapajani, akakishika kwa mikono miwili. Mume wangu alitazama chini akaona alichokiona. Bwana yule akainua macho. Mkuu wa wahudumu alikuwa hatua sita kutoka pale, akija.

Mume wangu aliinamisha jagi. Nusu ya maji ilikwenda kwenye mapaja ya yule bwana. Nusu iliyobaki aliimimina kwenye suruali yake mwenyewe, suruali nyeupe ya kazi, ambayo ikilowa haifichi kitu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini ajimwagie na yeye, alinijibu, "Aibu ya peke yako ni nzito. Nikampa mwenzake."

Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Samahani sana, mheshimiwa. Mkono wangu mzembe."

"Sahani Saba!" mkuu akafoka. "Miaka tisa hujamwaga hata kijiko!"

"Leo nimemwaga, mkuu."

Kwa kosa hilo alitolewa ukumbi wa juu, akapelekwa miezi sita chini kwenye kantini ya mabaharia, ambako hakuna vitambaa vya meza na hakuna anayekuita bwana. Na hadithi ikashuka bandarini kabla yake: mhudumu aliogopa wimbi, akajilowesha, akaangusha jagi juu ya mteja. Wiki moja baadaye fundi cherehani wa kona alimwuliza mume wangu, mbele ya wateja, kama angependa suruali yenye bitana.

Nilisikia nikiwa njiani kutoka shuleni. Nilikuwa nimeshavua saa na kushika mwavuli vizuri nimwendee yule fundi, mume wangu aliponirudisha ndani. Hapo ndipo aliponiambia yote, na jina la yule bwana, kwa kuwa tulikuwa tukipita dukani kwake kila siku na hakutaka siku moja niropoke kwa kutojua.

"Mwache acheke," alisema. "Nilimwahidi yule mtu. Ukimtaja, nitakuwa nimelowa bure."

Aliishi miaka ishirini na sita na kicheko hicho. Alipandishwa cheo tena, akastaafu akiwa yeye ndiye mkuu wa wahudumu, na akifika dukani kwa yule bwana walisalimiana kama ndugu. Mtaani hakuna aliyejua sababu.

Mwaka huu mjukuu wangu aliposwa. Wageni walikuja kumi na mmoja, saa nne asubuhi, wakajaa sebuleni kwangu. Upande wa dirisha walikaa wazee watano, na wote watano walikuwemo kwenye safari ile ya wafanyabiashara. Yule bwana alikuwa mmoja wao. Kati yao niliweka meza ndogo na jagi kubwa la maji yenye barafu, kwa sababu ya joto.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa kijana alipochangamka. Ni mama mnene, mcheshi, hajui kunyamaza.

"Binti ni mzuri, sina neno," alisema. "Ila mtuambie mapema, jamani. Godoro tulinunue la nailoni? Maana damu ya babu mtu..."

"Shangazi!" kijana akasema.

"Nini? Si utani tu? Mimi nimesikia tangu mdogo." Akawageukia wazee. "Hawa si walikuwepo? Haya, baba zangu, leo tupate ukweli. Mmoja mmoja. Nani alilowa siku ile?"

Mjukuu wangu alisimama mlangoni na sinia la vikombe, uso umemwiva. Wazee wanne walicheka. Mmoja alijaribu kucheka.

Mzee wa kwanza akaanza kusimulia, akaongeza chumvi. Wa pili akakanusha, akaongeza pilipili. Nilikuwa na jina mdomoni. Jina moja tu, na shangazi yule asingefungua kinywa tena mpaka harusi ipite, na mume wangu angelala kwa heshima kaburini mwake. Nilimtazama yule mzee. Alikuwa ameshika vidole vyake magotini, na zamu ilikuwa ikimjia. Na kwa namna alivyovuta pumzi nilijua atasema mwenyewe, mbele ya watoto na wajukuu, jambo lile ambalo mtu mwingine alikwenda kuishi kantini miezi sita ili lisisemwe.

Nikainuka. Nikachukua jagi kama mwenye nyumba anayetaka kuwaongezea wageni. Nikalipitisha mbele ya wazee wote watano, suruali kwa suruali, bila kuruka hata moja.

"Samahani sana, baba zangu," nikasema. "Mkono wangu mzembe."

"Mama! Barafu hiyo!"

"Imeingia mpaka kwenye soksi!"

"Mkwe anatubatiza!"

Walisimama wote wakirukaruka, wazee wa miaka themanini wakikung'uta barafu kama watoto, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, shangazi kuliko wote. Mjukuu wangu alikuja na mataulo.

"Bibi," akaninong'oneza, "umemwaga kama mtu anayenywesha bustani."

"Lete taulo la tano."

Mzee mmoja tu hakurukaruka. Alikuwa ameinua macho aliposikia maneno yale, akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Walipoaga, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Andika, mama," aliniambia polepole. "Watu wajue yule alikuwa mtu wa namna gani. Jina langu tu uliache."

Posa ilikubaliwa. Shangazi naye tangu siku ile anatangaza kwamba bibi mtu ana ugonjwa wa kutetemeka, na ukoo wetu una laana ya maji. Mkono wangu hautetemeki. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Na harusi ikifika, chai ya shangazi nitaimimina mimi. Atapata nusu kikombe.

Mjukuu wangu amekwisha kuniuliza mara nne. "Bibi, ni babu yake yule kijana? Niambie mimi tu." Fundi cherehani naye ameanza kunisalimia kwa heshima, akidhani nitajisahau nilitaje jina. Jibu langu kwao ndilo hilo hilo kwenu. Wazee walikuwa watano. Suruali zililowa tano, zikakauka tano. Sisemi zaidi.