Leseni Anayo, Jina la Gari liko Buffalo

Mama Patricia, jirani wa mlango unaotazamana na wa Emérence Bahizire mtaani Beechmont, anaapa aliona kwa macho yake: Emérence kakamatwa, polisi kaketi kando yake garini, na bado analazimishwa kuendesha mwenyewe hadi jela.

"Nikapunga mikono miwili, nikaita Yesu," anasimulia. "Akasimama! Akanisalimia!"

Polisi alikuwa mtahini. Na salamu hiyo, katikati ya barabara, ndiyo iliyomwangusha Emérence kwenye mtihani wa udereva.

"Bon, mama mzima nimupite kama nguzo ya umeme?" anauliza, anacheka. Amepiga magoti mbele ya bibi mmoja katika nyumba ya wazee, Newburg, anamvisha soksi. Kazi yake ndiyo hii: kuogesha, kulisha, kugeuza wasioweza kujigeuza.

Mara ya pili alifaulu. Leseni anaivaa shingoni, pamoja na kitambulisho cha kazi.

Kilichobaki ni gari. Walipofika kutoka Kivu, familia tatu zilichanga, zikanunua moja, likaandikwa jina la aliyekuwa na leseni wakati huo: Rugamba, mdogo wa mume wake. Baadaye Rugamba akahamia Buffalo, familia ya tatu ikaenda Columbus, gari likabaki kwa Emérence.

Sasa sheria za jimbo za kumbukumbu za magari na leseni zimerekebishwa. Karani wa usajili wa magari amemweleza kwamba usajili ukiisha mwezi ujao hautaongezwa, maana mwenye jina hana tena leseni ya hapa. Labda Rugamba asaini kulihamishia jina la Emérence. Bila gari, Emérence atarudi kwenye mabasi mawili, na zamu ya alfajiri, anayoipenda, atapewa mwingine.

"Karani aliuliza, 'Hii gari ya nani?' Nikasema yetu. Akasema kompyuta haijui 'yetu'."

Hana kinyongo. Anapanga kumpeleka mama yake Columbus, akamwone mjukuu mchanga wa familia iliyohamia huko. "Mama anaulizaka kila siku kama tumefika siku ya kwenda. Ameshafunga mufuko."

Mapumzikoni anatoka nje, anaegemea gari, anarekodi ujumbe wa sauti.

"Shemeji Rugamba, habari za baridi ya huko? Watoto wanakula? Donc, hatukunyang'anyi gari. Siku utakuja, funguo ni yako. Tia sahihi tu kwenye karatasi, uitume. Utaitia?"

Alama mbili zinageuka buluu: ameusikia. Emérence anangoja, macho kwenye simu. Dirishani bibi wa chumba cha tatu anagonga kioo, anataka chai.