Sauti ya Bi Müzehher

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Bi Müzehher hula robo ya tufaha. Anasema linasafisha mdomo, usitoe vijisauti mbele ya maikrofoni. Maikrofoni hajaisogelea kwa zaidi ya miaka arobaini. Ana miaka themanini sasa, nami nimepanga chumba kwake, mtaa wa Kurtuluş, Istanbul.

Mwaka 1976 alikuwa na mume na binti mmoja. Filamu zetu siku hizo zilipigwa bila sauti, na sauti zikatiwa baadaye studio na watu wengine. Yeye alikuwa akiwasemea mama wakwe na wauguzi wa kwenye filamu. Filamu za mambo ya kitandani zilipojaa kwenye kumbi za sinema za mtaa wa Beyoğlu, akapewa hizo. Studio ilikuwa giza, hakuna wa kusoma karatasi, kwa hiyo mzee Agop, mfanyakazi wa studio, alikaa nyuma ya wasemaji na kijitochi chake, akiwanong'onezea kila neno kabla hawajalisema. Hata miguno aliitangulia yeye, kwa sauti kavu kama anasoma orodha ya dawa: "Aah. Aah. Polepole. Aah."

Mara ya kwanza Bi Müzehher alicheka mpaka kazi ikasimama. Mara ya pili hakucheka.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka kwa watu wanaohifadhi filamu za zamani. Wamepata mojawapo, wataionyesha, wanaomba ruhusa ya kuandika jina lake. Nilimsomea mbele ya binti yake, Şükufe, mwalimu mstaafu. Şükufe akataka wajibiwe kwamba ni shida tu iliyompeleka kwenye kazi ile, na jina liachwe, mama asije akawa kichekesho cha jengo zima.

"Shida ipi?" akauliza Bi Müzehher. "Baba yako alikuwa karani wa posta. Nyama tulikula."

"Basi sema uliigiza tu, mama."

"Niliigiza, ndiyo. Na jina waliandike, tena kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni."

Şükufe akachukua mkoba wake, akaondoka bila kumaliza chai.

Niliandika jibu, naye akatia sahihi. Nilipokuwa nafunga bahasha, nikiitazama hiyo hiyo bahasha, nikamuuliza sauti ile ya miguno alijifunza kwa nani.

"Sikujifunza kwa mtu," akasema. "Niliisikia ikinitoka mle gizani, nikajua kwamba nyumbani sijawahi kuitoa. Nikarudi nikamwambia mume wangu anachotakiwa kufanya. Ilimchukua kama wiki mbili."