Ameanguka

Karani wa mapokezi katika chumba cha dharura hunusa kwanza, ndipo huuliza jina. Ana vidole vyembamba, na kalamu huishika karibu kabisa na ncha, kama anayechokonoa mwiba. Daftari lake lina kisanduku cha dawa za kulevya; ukitiwa alama hapo, polisi wa zamu huitwa. Pombe haina kisanduku. Anayefika akinuka bia, hata kama taya limevunjika, huandikiwa neno moja: ameanguka. Nimekaa meza ya pili miaka sita nikipanga mafaili, na sijawahi kumsikia akisema lolote juu ya hilo.

Asubuhi ya leo dada mmoja alimleta mdogo wake, kidole kikivuja damu, shati likinuka bangi. Kijana ameanza kazi juzi tu. Polisi wakija, kazi hana. Kwenye benchi mlevi tuliyemzoea, mara ya tatu mwezi huu, alikuwa akikoroma na jino lake mkononi.

"Kaka, huyo umemwandika nini?" dada akauliza.

"Ameanguka."

"Kwani hakulewa?"

"Amelewa chakari."

"Basi na wangu mwandike ameanguka!"

Karani alimtazama mlevi, akamtazama kijana, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Dada, kidole hakianguki," alisema. "Kimekatwa na nini?"

"Kisu. Alikuwa anamenya vitunguu."

Akaandika "kisu", kisanduku akakiacha kitupu, akapuliza wino ukauke, akaita: "Anayefuata!"