Kizulia cha Bafuni

Loretta Stovall alisimama juu ya kizulia cha bafuni, na hakuwa na nia ya kubanduka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, hapa hapa mjini Lawton, haina ngazi hata moja, milango mipana. Jamani, angetaka nini tena? Mama yake, Bi Ernestine, hutembea kwa fremu ya chuma ya kuegemea, na wamepanga ghorofani. Alishaanguka ngazini akavunjika nyonga. Sasa jengo limeuzwa, na mwisho wa mwezi wanatakiwa watoke.

Wauzaji wengine wote walikuwa wamemkatalia. Wakisikia tu mkopo wa nyumba ambao serikali huwapa askari wastaafu, wanaguna: "Ah, wakaguzi wao wana maneno mengi!" Rangi ikibanduka, maneno. Ngazi ikikosa kishikio, maneno. Mkaguzi asiporidhika, mkopo hakuna. Mtu umeendeshea nchi malori ya mafuta jeshini mpaka mgongo umekwisha, halafu mkopo uliopewa kwa ajili hiyo ndio unakufanya uonekane mkosi! Ilimuuma sana.

Bwana Gentry peke yake ndiye aliyekubali kumuuzia. Lakini juzi Loretta alipokuja kupima ukuta wa bafuni, ili baadaye afunge vishikio vya mama yake, kisigino cha buti kikadidimia sakafuni kando ya beseni la kuogea. Mbao zimeoza. Gentry alikuwa mlangoni, akaona.

"Mkaguzi akiona hapo, mkopo ndio basi," akasema. "Na mimi sitengenezi kitu. Kuna mtu ana pesa taslimu, ingawa anatoa kidogo, ananisubiri."

Akaleta kizulia. Loretta akakitandika kwa mikono yake mwenyewe, huku akijiambia kwamba wakishahamia atazing'oa hizo mbao Jumamosi moja tu. Sasa niambie, mkaguzi analetwa kumlinda nani kama si yeye mnunuzi? Lakini mtu akishabanwa, hata akili humtoroka.

Basi siku ya ukaguzi ikafika, na mkaguzi, Bwana Haskell, alifungua bomba la bafuni, akavuta maji ya choo, akamulika tochi chini ya sinki.

"Dada, mbona hukai?"

"Mgongo. Nikikaa unaniuma zaidi."

"Ulikuwa jeshini wewe. Umesimama kama uko lindoni."

Loretta akacheka kicheko kikavu.

"Haya, njoo jikoni nikuonyeshe swichi kuu ya umeme," Haskell akasema.

Angekataaje? Akatoka. Hawajafika jikoni, mlango wa mbele ukafunguliwa, na Bi Ernestine, aliyeachwa garini, akaingia na fremu yake.

"Loretta! Choo kiko wapi? Nimeshikwa, mwenzenu!"

Akauona mlango wa bafu uko wazi, akaelekea huko huko. Gentry, aliyekuwa amesimama sebuleni, akamtazama Loretta, akatikisa kichwa taratibu: nyamaza.

"Mama, ngoja kwanza," Loretta akasema. "Choo... choo kibovu."

"Kizima kabisa," Haskell akadakia. "Nimekivuta sasa hivi. Pita tu, mama."

Bi Ernestine akavuka kizingiti. Anaegemeza uzito wake wote kwenye ile fremu, na nyonga ile ikivunjika mara ya pili haitapona. Mguu mmoja wa fremu ukagusa ukingo wa kizulia.

"Mama, usikanyage! Sakafu imeoza hapo!"

Haskell akarudi bafuni, akainua kizulia, akachomeka bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini.

"Ulijua," akamwambia Loretta.

"Nilijua."

Gentry akatoa simu, akaenda uani, wakamsikia akimwambia yule mwenye pesa taslimu aje.

Garini, walipokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu za barabarani, Bi Ernestine akauliza:

"Kizulia kile alikitandika nani?"

"Mimi, mama."

Taa zikawa kijani. Loretta hakuondoa gari. Gari la nyuma likapiga honi.

"Twende, mwanangu, wanatupigia honi," mama yake akasema, akimwekea mkono gotini. "Kesho tunakwenda kuangalia nyumba ipi?"

Loretta akalia kwa sauti, huku anaendesha.

"Lia, lia tu," Bi Ernestine akasema. "Ila simama hapo kituo cha mafuta. Mwenzio bado sijaenda choo."