Namba za Kisima Nilizoandika Bila Kupima

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimeishia darasa la nane, na watafiti wa maji wa Lodwar walikuwa wamenipa kazi ya kupima kisima chetu cha pampu hapa Kakuma kila Jumatatu. Kazi yenyewe ni rahisi: unazima pampu saa nzima ili maji yatulie, unateremsha kamba ya kupimia, unaandika kina.

Jumatatu hiyo foleni ya akina mama ilifika hadi barabarani. Jua kali, watoto wanalia. Nitawaambiaje wangoje? Nilijibanza nyuma ya tangi, kisha nikanakili namba ya wiki iliyopita, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata nikafanya vilevile, na zilizofuata pia.

Kiangazi chote daftari langu lilisema maji hayajashuka. Watafiti waliliamini, na bomba jipya likavutwa kutoka kisima hicho hadi kwenye nyumba mpya, maana mji ulikuwa unakua. Haukupita mwezi, pampu ikavuta hewa, ikaungua. Akina mama wakarudi kufukua mchanga wa mto mkavu tangu alfajiri, wapate mtungi mmoja wa maji ya matope.

Mama Nakiru, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alinikuta huko nikimsaidia mama yangu kuchimba.

"Ejok, bwana mpimaji," alinisalimu kwa Kiturkana. "Hiyo kamba yako haikuona maji yakiisha?"

Nikamwambia ukweli, macho chini.

Alicheka bila furaha. "Kwa hivyo ulituonea haya? Tungekutukana kidogo, tungekuita mtoto wa fisi, halafu tungekaa chini kungoja. Saa moja tu! Sasa ona."

Kesho yake nilienda Lodwar kuwaonyesha watafiti namba za uongo. Walizikata moja moja kwa kalamu nyekundu. Kisima kingine kilichimbwa baadaye, mbali zaidi, na mama alichota huko hadi magoti yakamshinda.

Nimechoka, mwanangu, na kazi hii sasa ni yako. Watu wanaongezeka, mvua haieleweki. Waombe wangoje, hata sauti ikitetemeka. Wakikataa, acha nafasi wazi daftarini, uandike kwa nini. Wakubwa wakiona nafasi wazi watakuja kuuliza. Wakiona namba, hawaji.

Akuj, Mungu wetu, akutie nguvu miguuni na ujasiri kifuani, na watoto wako wasilale na kiu.